Tumeona vyombo, chombo hatukukiona: ile manowari ya Wareno mbele ya Fort Jesus iko wapi?

BintiFundi

Assalam aleikum wana jukwaa. Naomba msaada wa wanaoijua Fort Jesus kwa undani.

Baba yangu ni fundi wa vyombo. Nasema "ni" ingawa tezo yake ya kuchongea mbao hajaishika miaka sita sasa, tangu mtoto wa jicho amfunike macho yote mawili. Kazaliwa Faza, kisiwani Pate, kajifunza kazi kwa ami yake, kisha akahamia Mombasa akawa anatengeneza majahazi Bandari ya Kale, akipiga kalafati kuziba nyufa na kubadilisha mbao zilizooza, mpaka majahazi yenyewe yakawa ya kuhesabu. Mwezi wa tatu alipasuliwa jicho la kulia na, alhamdulillahi, likafunguka. Wiki haijaisha akaniambia: "Nipeleke Ngomeni nikaione manowari."

Miaka yote aliyofanya kazi pale chini alikuwa akisikia kwamba kuna manowari ya Wareno imelala majini mkabala na ngome, na kwamba wazamiaji waliifikia, vitu vyake vikapandishwa vikawekwa ndani. Yeye hakuwahi kuingia. Ukuta ule aliujua kwa upande wa bahari tu, akiwa amechuchumaa juu ya jahazi la mtu.

Jumamosi tukaenda. Tulifika mapema, nikamshika mkono kwenye ule mwinuko wa langoni. Ndani ya ukumbi tukakuta mitungi mikubwa, sahani za Kichina, na vitu vingine vilivyotoka baharini. Yeye alisogea mpaka pua ikagusa kioo. Nikamsomea maandishi: Santo António de Tanna, ilizama mwaka 1697. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na mkuku u wapi?"

Nikamwambia labda uko chumba kingine. Tukazunguka. Mkuku, ule uti wa mgongo wa chombo, hatukuuona, wala taruma hata moja, zile mbavu zake. Mahali aliposimama sana ni kwenye ile plasta ya ukuta iliyochorwa na Wareno, yenye meli na samaki. Akanyosha kidole, bila kugusa, akafuata mlingoti kutoka chini hadi juu. Akasema, "Aliyechora hapa amewahi kupanda huku juu. Mtu aliyekaa pwani hachori hivi." Nilimwona ana furaha. Lakini tulipotoka uani, akaketi kwenye kivuli karibu na mizinga, akatazama maji kimya, kisha akasema, "Mwanangu, tumeona vyombo, chombo hatukukiona."

Neno lile limenikaa. Kwa hiyo nauliza: meli yenyewe iko wapi? Kama wazamiaji waliifikia, mbona waliwacha mbao wakachukua mitungi? Na je, kuna mahali popote ambapo mzee wa miaka 78, mwenye jicho moja zima, anaweza kusimama mbele ya chombo cha zamani chenye mkuku na mataruma yake, akakitazama kama fundi? Nitampeleka popote, Mungu akinijalia.

Mtembeza_Wageni

Wa aleikum salaam dada. Kwanza nipe shikamoo yangu kwa mzee. Nimetembeza wageni Mji wa Kale miaka mingi na sijawahi kuulizwa mkuku. Watu huuliza mizinga, huuliza gereza, huuliza dhahabu.

Meli iko palepale ilipozama, chini ya mchanga na tope, mbele ya ngome. Mlipokuwa mmekaa kwenye kile kivuli mlikuwa mnaitazama, ila maji yako juu yake.

Na kwa kuwa mzee ni mtu wa Faza, msomee na hili, maana kwenye matembezi ya haraka hulikuti. Waomani waliizingira ngome kuanzia Machi 1696. Waliokuwa ndani walikuwa Wareno wachache na Waswahili wengi waliokimbilia humo. Mwaka 1697 maradhi yakaingia yakawamaliza Wareno karibu wote. Kamanda wa ngome alipokufa mwezi Agosti, ngome ikabaki mikononi mwa Bwana Daud wa Faza, pamoja na watu 17 wa ukoo wake, wanaume wachache wengine, na wanawake 50. Hao ndio walioishika mpaka msaada wa Wareno ulipofika katikati ya Septemba. Msaada huo ndio uliokuja na Santo António de Tanna. Kwa maneno mengine, manowari anayoitafuta mzee wako ilipotia nanga hapa, mwenye ngome alikuwa mtu wa kwao.

Haikukaa sana. Oktoba ileile ikakatikiwa na kamba zake chini ya mapigano, ikapanda mwamba, ikazama. Ngome nayo ikaanguka Desemba 1698.

Dada, nami nina ombi. Majina ya sehemu za chombo tunayapoteza. Vijana ninaofanya nao kazi wanajua "mbele" na "nyuma". Omo na tezi wanazisikia kwenye methali tu. Mzee akiwa na nafasi, mwandikie anayoyajua.

Mhifadhi_Mbao

Nitajibu swali la kwa nini mbao hazikupandishwa. Nimesomea uhifadhi wa vitu vinavyotoka majini, na swali hili huulizwa kila mahali, ila mara nyingi huulizwa kwa lawama. Mzee ameuliza kifundi, kwa hiyo nitamjibu kifundi.

Mabaki yaligunduliwa na wazamiaji wa hapahapa miaka ya 1960. Uchimbaji ulifanyika kati ya 1977 na 1980, ukiongozwa na Robin Piercy wa INA, taasisi ya akiolojia ya baharini ya Marekani, pamoja na Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Walinyonya mchanga kwa mabomba, wakapandisha maelfu ya vitu, kisha wakafika kwenye mwili wa meli. Wakaupima, wakauchora palepale chini, halafu wakaufunika tena. Kufunika kulikuwa ndiko kuutunza.

Mbao iliyokaa majini karne tatu kwa macho ni nzima. Ukiigusa ni laini kama mkate uliochovywa kwenye chai. Ule ugumu wa ndani umeshaliwa polepole na maji yamechukua nafasi yake, kwa hiyo kinachoshikilia umbo ni maji. Ukiitoa ikakauka juani, maji yanaondoka, vijitundu vya ndani vinabonyea, mbao inajikunja, inapasuka, na ndani ya majuma machache umebaki na kitu ambacho hata fundi hakitambui. Ili isifike huko, maji lazima yatolewe kidogokidogo huku ukiingiza kitu kingine badala yake, kemikali iliyo kama nta inayoitwa polietileni glikoli.

Sasa sikiliza muda wake. Meli ya Vasa ya Sweden ilizama 1628, ikainuliwa 1961, na ikanyunyiziwa dawa hiyo miaka 17, kisha ikafuata miaka ya kukaushwa. Mary Rose ya Uingereza ilizama 1545, ikainuliwa 1982, na minyunyizio ikazimwa 2013. Hesabu mwenyewe: miaka 31 ya pampu zisizosimama usiku wala mchana, ndani ya jengo lililojengwa kwa ajili ya kitu kimoja. Umeme ukikatika hapo si jambo la kuwasha mshumaa. Bora chini ya tope ambako hewa haifiki kuliko juu bila matunzo.

Na mzee asidhani chini kuna meli nzima. Vasa ilibaki na umbo lake kwa sababu Bahari ya Baltiki haina chumvi ya kutosha, na yule mdudu anayetoboa mbao haishi mle. Hapa kwetu anaishi, na ana njaa. Chochote kilichobaki juu ya mchanga alishakimaliza zamani. Kilichosalia ni sehemu ya chini ya mwili, ile iliyowahi kuzikwa na tope kabla hajaifikia.

Ngoja niongeze moja, maana litampendeza: meli ile haikujengwa Ureno. Ilijengwa Bassein, pwani ya magharibi ya India, mwaka 1681, kwa mti wa msaji, yaani mtiki.

BintiFundi

Allah awabariki. Nimemsomea yote jana baada ya Isha, na nimeyarudia mara mbili yale ya Bwana Daud. Kimya kirefu, kisha akaniambia, "Na wanawake hamsini." Basi. Hakuongeza.

Kuhusu mdudu alicheka kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi. Anasema maisha yake yote amepigana na huyo. Ndiyo maana ya deheni, chokaa iliyopondwa ikachanganywa na shahamu, unapaka chombo chote chini ya maji, kila baada ya miezi kadhaa unakipandisha, unakwangua, unakichoma kwa moto wa makuti, unapaka upya. Juu ya maji unapaka sifa, yale mafuta ya papa. Akasema chombo kikiachwa maji mawili ya bamvua bila deheni, "ushamkaribisha mgeni."

Na aliposikia msaji alijikita kwenye kiti kama mtu aliyeitwa jina lake. Anasema msaji una mafuta yake ndani, ukiuchonga tezo inateleza na harufu inabaki mkononi mpaka kesho, na kwamba kama ni msaji kweli basi ile sehemu ya chini iko. Ananiagiza niulize: waliochora mbao kule chini, michoro yao inaonekana na watu? Anataka kuona mataruma yamepangwa karibu karibu au mbalimbali.

Mhifadhi_Mbao

Ripoti za awali zilichapishwa wakati uleule wa uchimbaji, kwenye jarida la kimataifa la akiolojia ya baharini. Andikeni barua ya adabu kwa uongozi wa Fort Jesus muombe kuona michoro, mkieleza kwamba anayetaka kuiona ni fundi wa majahazi. Andika hilo neno kwenye sentensi ya kwanza. Na ukienda, nenda na mzee mwenyewe, usiende wewe kwa niaba yake. Yeye ataona kwenye mchoro vitu ambavyo sisi tuliosoma tunavipita.

Mwana_Unguja

Nimeipenda sana hii mada, na imenitia uchungu kidogo, nitasema kwa nini.

Mwaka 2003 hapa Unguja mafundi walijenga mtepe, kile chombo cha kale cha kushonwa, ukawekwa ndani ya Beit al-Ajaib, katikati ya ukumbi. Mara ya kwanza kuuona nilikuwa na mwanangu mdogo, nikamnyanyua aone mishono. Hakuna msumari. Ubao kwa ubao umeshonwa kwa kamba ya makumbi, shimo kwa shimo, na unaona kamba inapita ndani inatokea nje kama mtu anavyoshona kanzu. Tanga lake la mraba, la mkeka. Omo imechongwa kama shingo ya ngamia na macho yamechorwa pembeni. Mgiriki aliyeuandika ule mwongozo wa biashara wa Bahari ya Eritrea, kama walivyoiita bahari yetu, karne ya kwanza, alishataja vyombo vya kushonwa kwenye pwani yetu. Fikiria urefu wa kazi hiyo, kutoka huko mpaka mwanzo wa karne ya 20, ndipo ikakatika.

Ningekwambia mlete mzee kesho. Lakini jengo lile, lililojengwa na Seyyid Barghash mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 likiwa kwenye ukarabati, na watu wakapoteza maisha. Mungu awarehemu. Tangu hapo si mahali pa kumpeleka mzee.

Ila muulize jambo moja. Mitepe ilikuwa kazi ya watu wa visiwa vya kwenu, Wabajuni. Kama ami yake alikuwa fundi wa Faza, huenda aliushika mtepe kwa mkono wake.

Fundi_Matondoni

Dada, unamzungusha mzee kwenye vioo bure. Mlete Matondoni.

Mimi ni fundi, baba yangu fundi. Hapa kisiwani Lamu upande wa magharibi bado tunaunda. Leo ninapoandika kuna jahazi limesimama ufuoni, mkuku umeshalazwa, hanamu ya mbele imesimama, mataruma yameingia nusu. Mbao za ubavuni bado, kwa hiyo unaona ndani mpaka nje. Huo ndio wakati mzuri wa kukitazama chombo, kabla hakijavaa nguo. Ukichelewa miezi mitatu utakuta umefunikwa.

Mataruma tunayatafuta yaliyopinda yenyewe porini, hatukunji mti. Unatembea unatazama tawi, unasema hili la kiunoni, lile la tezi. Mzee anajua. Na mashimo ya misumari wengine bado wanatoboa kwa keekee, hasa kukiwa hakuna umeme wala mafuta ya jenereta.

Njia: panda basi mpaka Mokowe, vuka kwa boti mpaka Lamu mjini, lala hapo. Makumbusho ya Lamu iko pwani palepale, muingize aone mifano ya vyombo na zile siwa mbili, pembe kubwa za kupulizwa, ya shaba ya Lamu na ya pembe ya Pate. Siwa ile ya Pate akiiona atafurahi, ni ya upande wa kwao. Kesho yake njoo Matondoni kwa boti na maji yanayojaa, maana mkija na maji kupwa mtatembea kwenye matope na mzee atachoka. Akitaka kuendelea hadi Faza, hapo napo ni kungoja maji yajae kwenye mlango-bahari wa Mkanda.

Nyumba ipo, chakula kipo. Asije na kitu ila tezo yake.

Mtembeza_Wageni

Fundi, umenena. Ila dada, usiache ile barua ya michoro. Vyote viwili.

BintiFundi

Narudi kuwapa habari kwa sababu nimeona si haki kunyamaza.

Barua nimeiandika, nimeipeleka kwa mkono. Neno "fundi wa majahazi" nimeliweka mwanzo kama nilivyoambiwa. Tunangoja.

Juzi ilikuwa bamvua. Akaniamsha baada ya Alfajiri twende chini ya ngome maji yakiwa yamekupwa sana. Nilimkatalia kidogo kwa sababu ya mwani unavyoteleza, akanitazama, nikatoka. Tukashuka polepole. Maji yalikuwa mbali na mwamba wote uko wazi, umejaa chaza na vidimbwi. Akasimama na mkongojo wake, akapima kwa macho kutoka ukuta wa ngome mpaka ule mkondo wenye kina, akanionyesha: "Ikiwa ilikatikiwa kamba na maji yalikuwa yakitoka, imepita hivi, imekwaruza hapa, imelalia ubavu." Sijui kama ni kweli. Lakini alisema kama mtu anayeielezea ajali ya jirani. Kisha akasoma Fatiha, kwa waliokuwa ndani ya ngome na waliokuwa ndani ya meli, wote pamoja.

Mwana Unguja, nimemuuliza. Ami yake aliwahi kushona akiwa kijana, na yeye baba akiwa mtoto alipewa kazi ya kupakasa kamba ya makumbi kwa mapaja. Anasema mapaja yalikuwa yakitoka damu. Mtepe wenyewe hakuukuta, alikuta kamba tu na watu waliokuwa wakiusimulia. Haya yote sikuyajua. Nina miaka 41 na nimekaa naye nyumba moja.

Mtembeza Wageni, ombi lako nimeanza kulifanya. Kuna kijahazi kidogo cha mapambo alichomchongea mwanangu zamani, urefu wa mkono. Nimekata vijikaratasi, yeye anataja, mimi naandika, tunavifunga kwa uzi pale panapohusika. Mpaka jana usiku tulikuwa na mkuku, hanamu, fashini, taruma, darumeti, ngama, mlingoti, foromali, demani, usukani. Akifika pahali anasita, anafumba lile jicho zima, vidole vinatembea kwenye ubao, kisha jina linakuja. Kwenye darumeti alinisahihisha tahajia bila kuona nilichoandika, kwa kunisikia nilivyolitamka.

Fundi wa Matondoni, tunakuja Jumatano inshallah. Tezo yake ilikuwa na kutu, ameinoa mwenyewe kwenye jiwe mpaka saa tano usiku. Keekee nayo ameitia mafuta na kubadilisha kamba ya upinde. Vyote viko ndani ya mfuko wa turubai karibu na mlango, na kila akipita anaugusa. Tafadhali msizipige mbao za ubavuni mpaka afike.